Ndoo ya Esteri

Bomba letu hapa Heru Juu linatia hasira. Maji hutoka yanapotaka, na ndoo zinalala kwenye foleni. Siku moja rafiki yangu Shadia aliisogeza nyuma ndoo ya jirani yake mgonjwa, bibi Esteri.

"Mwanangu, nina kiu."

"Na mimi nina watoto, bibi."

Shadia akajaza yake, maji yakakatika. Esteri akaiacha ndoo tupu pale, akajikongoja nyumbani. Akafa akiomba maji.

Siku iliyofuata maziko, alfajiri kukiwa bado giza, Shadia alirudi bombani peke yake. Bomba likakoroma tu.

"Jamani, hata leo!" akafoka, akalipiga teke.

Nyuma yake akasikia mtu akinywa kwa pupa. Akawasha tochi ya simu. Hakukuwa na mtu. Ndoo ya Esteri ilikuwa palepale, ina maji, nayo yalikuwa yakipungua, funda kwa funda.