Nguo ya Angélique Ilimsubiri Mwenyewe

Simu ya Mama Tumu wa makumbusho ilinikuta kibandani kwangu, Marshalltown, katikati ya jiji, nikipunguza suruali ya askari wa ulinzi. Ilikuwa saa kumi na moja jioni, mwezi wa saba, baridi ya kukata masikio. Niliibana simu kwa bega, mguu ukiwa bado kwenye cherehani.

Akaniambia mke wangu yuko kwenye makumbusho yake. Kwamba hii ni mara ya tatu wiki hii. Anakuja kuchukua nguo yake, anafika mlangoni mwa chumba cha nyuma, anasita, anaondoka. Leo amekaa. Amesema hawezi kuichukua bila mimi. Basi nije upesi, kwani yeye anataka kufunga, na mgeni mwenyewe anaonekana hana nguvu.

Mguu wangu ukasimama.

Mke wangu Angélique alikuwa amekufa mwaka mmoja na miezi minne kabla ya hapo.

Sikumwambia Mama Tumu hivyo. Nilisema tu, nakuja. Ndivyo nilivyo mimi, Elisée. Mtu akinikamata na uongo wangu, kwanza naulisha, halafu ndipo nafikiri.

Sisi ni watu wa Uvira, Kongo. Angélique alikwenda huko kumuuguza mama yake. Yeye alikuwa na pasipoti, mimi nina karatasi ya mkimbizi, na ukivuka mpaka na ile karatasi umeikana mwenyewe, hurudi tena. Siku ya kumi na tisa akashikwa na homa. Siku ya ishirini na moja shemeji yangu Damien akanipigia. Walimzika kesho yake. Nilisikiliza mazishi ya mke wangu kwenye simu, nimesimama chooni, bomba nimelifungulia ili mtoto asisikie.

Mtoto ndiye Murielle. Wakati ule alikuwa na miaka saba. Alitoka akaniuliza, Mama anarudi lini? Nikasema, bibi akipona. Nililisema vizuri sana, hata nikajishangaa.

Kwetu mtu akifiwa, watu wanakuja kukaa naye. Wanalala sakafuni, wanaimba, wanapika, na siku ya mwisho nguo za marehemu zinagawanywa ili aende zake mwepesi. Nikikaa kilio, mtoto atajua. Kwa hiyo sikukaa. Mchungaji wetu Évariste alinifuata mara mbili kunionya kwamba mtu hazikwi kwa simu. Nikamjibu, sharp, sawa, pasta, nitafikiri. Sikufikiri. Mficha maradhi kifo humuumbua, na mimi nilikuwa nimekificha kifo chenyewe.

Sasa hayo makumbusho. Mama Tumu ni mwalimu mstaafu, Msotho, mwanamke wa kusema taratibu. Aliwahi kwenda Meksiko na walimu wenzake, akazunguka miji midogo mwezi mzima, na kila mji alitafuta kijumba chao cha makumbusho. Aliniambia vilikuwa vya vyumba viwili, ufunguo kwa jirani, na ndani hakuna taji la mfalme. Kuna jiwe la kusagia la bibi fulani, tarumbeta ya mtu fulani, gauni la harusi la binti fulani. Vitu vyote ni vya kuazima. Mwenyewe akiwa na sherehe anakuja, anatia sahihi, anachukua kitu chake, kisha anakirudisha. Mama Tumu alirudi na hilo moyoni, akaigeuza nyumba ya shangazi yake hapa Bertrams. Humo kuna kofia ya mchimba madini, aproni ya mfanyakazi wa ndani, redio ya Mreno aliyekuwa na duka pale kona. Na sheria yake ni ile ile ya Meksiko: hakuna anayechukua kitu ila mwenyewe aliyeandikwa kwenye kadi.

Aliponiomba kitu cha Wakongo, nilimpa kitenge cha Angélique, cha kijani chenye ndege, nilichokishona kwa mkono wangu kwa ubatizo wa Murielle. Kukitazama ukutani nilishindwa. Kukitupa, nilishindwa zaidi. Kadi niliiandika mwenyewe palepale, Murielle amesimama kando yangu, anasoma kila neno linavyotoka.

Nikaandika: *Nguo ya Angélique. Anaivaa kanisani. Yuko safarini, atakuja kuichukua.*

Mtoto akatabasamu. Ningeandika nini kingine?

Basi jioni ile nilitembea. Umeme ulikuwa umekatwa upande wetu wote. Pale karibu na uwanja wa Ellis Park roboti, taa za kuongozea magari, zilikuwa zimezimika na magari yanasukumana gizani. Nilijiambia ni tapeli. Mji huu una watu wa kila kazi, huenda yuko mwanamke anayeiba nguo za makumbusho. Nilijiambia hivyo hadi kwenye geti, na miguu haikuamini hata neno moja.

Mama Tumu alikuwa jikoni, blanketi mabegani, taa ya betri mezani. Akanionyesha kwa kidole, chumba cha nyuma. Alibaki kwenye joto la jiko lake la gesi.

Nyumba ile inanukia nta ya sakafu. Nilipita chumba cha kwanza. Nta. Nikapita cha pili. Nta...

Kisha si nta.

Mafuta ya mawese. Na udongo uliolowa.

Nilisimama. Mle ndani kulikuwa na mtu anayepumua, taratibu, kama aliyepanda mlima. Nikawasha taa ya simu, nikaielekeza chini, kwa sababu juu sikuthubutu.

Niliona miguu.

Ilikuwa imevimba. Vumbi jekundu lilikuwa limeipanda hadi vifundoni, na kisigino cha kushoto kilikuwa kimepasuka palepale kilipokuwa kikipasuka kila baridi, nami nilikuwa nikikipaka mafuta. Tapeli gani anaiga kisigino?

Alikuwa amekaa kwenye benchi, amenipa mgongo, uso kwenye nguo yake iliyotundikwa.

"Papa Murielle," akanong'ona. "Umechelewa."

Nilitaka kukimbia. Nilitaka pia kupiga magoti nimshike kiuno. Nilifanya yote mawili moyoni, mwili ukabaki palepale.

"Angélique... nilikuwa nakulindia mtoto asilie."

"Kila siku natoka kule. Kila siku nafika hapa, kwa miguu. Uliandika nitakuja. Nimekuja." Akapumua. "Kule wamenililia, wamemaliza. Huku unaniita. Sijue nikae wapi."

Akanyoosha mkono kwenye kitenge. Nilitazama vidole vyake vikifika, vikigusa. Kitambaa hakikutikisika. Alijaribu tena, kwa subira, kama alivyokuwa akijaribu kila kitu katika maisha yetu. Hakikutikisika.

"Siwezi kuishika," akasema. "Sema moja tu, nitakuamini. Niko ao siko?"

Nilitaka kusema uko. Sidanganyi sasa, nilitaka kweli. Ningesema lile neno moja, naye angeendelea kuja, hata mgongo tu, na mimi ningefunga kibanda mapema kila jioni nije nikitazame kisogo cha mke wangu gizani, ningeridhika. Nilimpenda kiasi hicho cha ubaya.

Lakini ile miguu.

Uvira ni mbali hata kwa basi. Yeye alikuwa akiitembea kwenda na kurudi, kwa sababu ya mstari mmoja niliouandika mimi mwenyewe ili nisione mtoto akilia. Wahenga wamesema njia ya mwongo ni fupi. Yangu nilikuwa nimemwachia mwingine aitembee.

Kalamu ya wageni ilikuwa juu ya meza. Niliitoa kadi ukutani. Kalamu niliikandamiza hata nikatoboa karatasi. Nilifuta *yuko safarini*. Nilifuta *atakuja*. Kisha, mbele ya jina lake, nikaandika neno ambalo sikuwahi kulitamka kwa sauti hata nikiwa peke yangu.

*Marehemu.*

Nyuma yangu aliachia pumzi ndefu. Ilikuwa pumzi ya mtu anayevua viatu.

"Na mtoto?" akauliza.

"Nitamwambia leo. Nakuapia."

 Kisha akatikisa kichwa polepole, kama mwenye jambo la kusema ambaye ameishiwa muda wa kulieleza. Akaanza kugeuka. Niliona shavu...

Simu yangu ikazimika.

Niliita jina lake gizani mara nyingi. Niliita kwa sauti ya kelele, ndipo Mama Tumu akaja na taa yake. Benchi lilikuwa tupu, limelowa, na chini yake udongo mwekundu ambao Bertrams hakuna. Mama Tumu aliuliza mke wangu amepitia wapi, maana mlango ni mmoja na yeye alikuwa ameketi kando yake. Nikamwambia mke wangu amekufa, mwaka jana, Kongo. Nililia mbele yake bila haya. Aliketi chini na blanketi lake, akanishika mkono.

Halafu akakumbuka. Siku ya kwanza, akasema, yule mwanamke hakuuliza habari ya nguo. Aliuliza shule ya hapa inatoka saa ngapi.

Nilikimbia.

Tunakaa mitaa miwili kutoka pale, chumba kimoja, jirani yetu ukuta kwa ukuta ni Bijou, mama wa saluni. Murielle anatoka shule saa nane, anajifungulia mlango, Bijou anamsikilizia kupitia ukutani hadi nirudi. Nilimkuta Bijou mlangoni kwake. Akanituliza, mtoto ni mzima, yuko ndani, siku hizi hana hata upweke, alasiri yote anaongea na kucheka peke yake. Tena akanisifu. Akasema yule msusi niliyemleta ana mkono mzuri kuliko wake.

Sikuwa nimeleta msusi.

Murielle alikuwa mezani na mshumaa na daftari lake la hesabu. Aliinua uso akacheka kuniona. Nusu ya kichwa chake, upande wa kulia, ilikuwa imesukwa mistari myembamba, iliyonyooka, ya kufuata sikio, namna ambayo wanawake wa kwetu wanasuka na huku sijaiona. Upande wa kushoto nywele zilikuwa zimesimama, zimechanwa tu.

Nikauliza nani amemsuka. Sauti yangu niliisikia kwa mbali.

Akaeleza kama anavyoeleza mambo ya shule, nusu Kiingereza, nusu Kiswahili. Mama amerudi. Mama anakuja Murielle akitoka shule, wanakaa, anamsimulia mambo ya ziwa, anamsuka kidogo kidogo kwa mikono yake ya baridi, kwa sababu anachoka haraka. Mama alisema Papa asiambiwe kwanza, hadi apate nguo yake ya kijani, ndipo aingie nyumbani amevaa vizuri, Papa asishtuke. Na leo alikwenda kuichukua. Kwa hiyo, akasema, anakuja nyuma yako?

Akachungulia mgongoni kwangu, kwenye mlango.

Nilikuwa nimeshika mimba ya maneno yale mwaka na miezi minne, na siku ya kuyazaa ikawa ile. Nilipiga magoti. Nilimwambia Mama amekufa. Nilimwambia wazi, bila mzunguko, kama nilivyokuwa nimeapa.

Hakulia. Alinitazama kwa makini, kama ninavyotazama mshono ulioharibika kutafuta ulipoanzia.

"Lini, Papa?"

Nilifungua mdomo. Mwaka jana, ndilo jibu. Lakini mwaka jana mtoto huyu hakupoteza kitu, nilimzuia mimi. Murielle alimpoteza mama yake jioni ile, saa kumi na mbili kasoro, kwa kalamu ya wageni, na mkono ulioandika alikuwa akiuona mbele yake.

 Mpaka leo sijamjibu.

Kilio tulikikaa Jumamosi. Évariste alisali, watu walilala sakafuni, wakaimba nyimbo za Uvira hadi majirani Wazulu nao wakaja na vyungu vyao. Mama Tumu alileta kitenge mwenyewe, akapewa dada mmoja wa kanisani, akaondoka nacho. Kila kitu kilikwenda kama kinavyotakiwa. Angélique hajarudi tena, wala harufu. Watu wananiambia nimefanya vema, amepumzika, nami najibu amina. Ila najiuliza kama alikuja kutuaga, ama alikuja kukaa, na lile neno langu ndilo lililomfungia mlango. Hakuna anayejua. 

Murielle alikaa katikati ya waombolezaji na kichwa chake kilichosukwa nusu. Bijou alimwomba amsukie upande uliobaki. Akakataa. Mwalimu ameandika barua mbili kuhusu nywele hizo. Amekataa.

Jana nilirudi mapema. Nilimkuta ameketi sakafuni, kitanda amekipa mgongo, shingo ameiinamisha kama mtoto anayesukwa, anangoja. Nilikaa nyuma yake. Mimi ni fundi cherehani, vidole vyangu vinajua uzi, nywele havizijui. Nikachukua kitana, nikagawa mstari wa kwanza upande wa kushoto, taratibu nisimuumize.

Alinivumilia kidogo. Kisha akaushika mkono wangu, akauondoa kichwani pake kwa upole kabisa.

"Wacha, Papa," akasema. "Mikono yako ina joto."