Folda ya Marehemu Priyo

"Mas Seno, nakuomba. Fanya lolote, lakini usiifute kompyuta yangu."

"Dik Wening, mimi ni fundi au muuza supu ya bakso?"

"Nawajua mafundi wa mji huu wa Malang! Kompyuta ikikohoa tu, dawa yenu ni moja. Mnafuta kila kitu, mnapiga Windows upya, mnamwita mteja. Humo ndani kuna maisha yangu, Mas."

Seno alicheka, simu ameibana begani. Kompyuta ilikuwa mbele yake mezani, imeletwa asubuhi na Ratri, mdogo wake Wening. Wening mwenyewe hakuweza kuja. Harusi yake na Seno ilikuwa karibu, na mama yake, Bu Kasiyem, alikuwa amemweka pingitan: bibi harusi hatoki nje wala hamwoni mchumba wake mpaka siku ya ndoa.

"Mjane mzima, mama wa mtoto, nimefungiwa ndani kama mwali," Wening alilalamika. "Kazi kupakwa manjano tu kama samaki wa kukaanga."

"Vumilia. Ukitoka utaliwa."

"Huna adabu wewe!" Akakata simu huku akicheka.

Ugonjwa haukuwa mkubwa. Umeme ulikatika kompyuta ikiwa katikati ya kujisasisha, betri nayo ilishakufa, mfumo ukavurugika. Ikawa inawaka na kuzima tu. Seno aliiwasha kwa flashi yenye mfumo mwingine, na mafaili yote yakatokea mazima. Akaanza kuyanakili kwenye diski ya nje, ndipo aupige mfumo upya. Kazi ya fundi mwenye akili ni hiyo, siyo kukimbilia kufuta.

Mafaili yakiwa yanahama, akaiona folda imeandikwa PRIYO.

Priyo alikuwa mume wa Wening. Alikufa kwa ajali ya pikipiki, binti yao Kinanti akiwa bado ananyonya. Seno alifungua video moja. Priyo anamwimbia mtoto kwa sauti mbovu, anakosea maneno makusudi, na nyuma ya kamera Wening anacheka mpaka anakosa pumzi.

Seno alikuwa amemchekesha Wening mara nyingi. Kicheko kile hakuwahi kupewa.

Akairudia video.

Mfumo ulipokaa sawa, alirudisha kila kitu mahali pake. Folda moja hakuirudisha. Akaandika meseji:

"Dik, imepona. Ila folda ya marehemu imepotea, diski ilikuwa na sehemu mbovu. Pole sana."

Wening akajibu:

"Video zote?"

"Zote."

"Sawa, Mas. Asante kwa kujitahidi."

Ile asante aliisoma mara mbili. Ratri alipokuja kuchukua kompyuta alimuuliza mbona amepauka. Akasema hajala.

Kesho yake Wening aliingia mwenyewe dukani kwa Seno, manjano bado yako shingoni. Bu Kasiyem alikuwa nyuma yake, anahema.

"Wening! Rudi nyumbani! Watu wanatutazama!"

"Waache watazame, Ibu," akamjibu mama yake, akaitua kompyuta mezani. "Mas, nieleze vizuri. Mapishi yangu yapo. Picha za ofisini zipo. Hata risiti ya feni tuliyoitupa ipo! Aliyepotea ni Priyo peke yake. Diski yako ina wivu?"

Uongo wa kifundi Seno alikuwa nao wa kutosha, wa virusi na wa joto. Siku hiyo haukutoka hata mmoja.

"Nilikusikia ukicheka," alisema.

"Nini?"

"Kwenye video. Mimi hujawahi kunichekea vile."

"Kwa hiyo ukamfuta?"

"Sikumfuta." Akavuta droo, akatoa diski ya nje. "Nilitaka, nikashindwa. Zote zimo humu."

Wening hakuipokea mara moja. Machozi yalishamjaa.

"Jana Kinanti alilia mpaka akatapika. Baba yake anamjua kwa sauti ile tu, Mas, hana kingine. Tukamlilia Priyo upya kama siku ya msiba. Kumbe wewe unaye kwenye droo!"

"Dik, nisamehe..."

"Ungezifuta kwa bahati mbaya, ningeolewa na wewe vilevile. Lakini ulisoma asante yangu ukanyamaza."

Bu Kasiyem akamshika mkono. "Twende, mwanangu. Pingitan yenyewe umeshaivunja."

"Hakuna cha kuvunja, Ibu. Hakuna harusi."

Akachukua diski na kompyuta, wakaondoka. Seno aliandika: "Nifanye nini?" Mchana jibu likaja:

"Kinanti anadhani kompyuta ndiyo yenye kosa. Njoo umwambie mwenyewe."

Akafunga duka, akawasha pikipiki. Alimkuta mtoto barazani anakula klepon, vidonge vitamu vya mchele, midomo imejaa nazi.

"Om Seno! Ibu kasema baba amepatikana. Alipotelea wapi?"

Seno akachuchumaa. "Hakupotea. Mimi nilimficha."

"Kwa nini?"

"Nilimwonea wivu. Ibu yako anampenda."

Kinanti akatafuna, akawaza. "Na wewe hakupendi?"

"Sijui. Nimemkosea sana. Na wewe nimekukosea."

Mtoto akageukia mlangoni, akapaza sauti mtaa mzima usikie: "Ibuuu! Om anauliza kama unampenda!"

Seno alitamani ardhi impasukie. Sauti ya Wening ikatoka ndani, nzito ya kilio:

"Mwambie leo sijui! Akitaka kujua, aje kesho aulize kwa mdomo wake!"

Kinanti akamtazama. "Umesikia?"

"Nimesikia."

"Utakuja?"

"Nitakuja."