Makaa ya Sabato

Jumamosi ya kwanza katika nyumba mpya, kilichopungua kilikuwa tonge moja tu. Bochaberi alikuwa amesonga ugali wa wimbi Ijumaa kabla ya jua kutua, akaufunga kwa leso, mafundo mawili, maana Msabato wa kweli hapiki siku ya Bwana. Waliporudi kutoka kanisani saa saba mchana, mafundo yote mawili yalikuwa pale pale, lakini katikati ya ugali palikuwa na shimo lililochotwa na vidole vidogo.

"Ogeto," alimwita kitindamimba wake wa miaka mitano, "hii ni nini?"

"Si mimi, mama. Ni yule wa kwa jivu."

Bochaberi alicheka. Watatu aliowazaa wote walipenda kula, ila huyu wa mwisho alikuwa ameanza na uongo pia.

Baada ya hapo nyumba ile ya kule Suna ikawa ya vituko. Chumvi ilihamia kwenye mkebe wa sukari. Viatu vya kushoto vya nyumba nzima vilipatikana juu ya kabati, vimepangwa mstari, kamba zimefungwa. Mumewe, Makori, akasema ni panya. Panya gani huyo anayefunga kamba za viatu? Jikoni pakaanza kunuka nywele zilizoungua, na makaa ya jiko hayakuzimika hata yaliposahauliwa siku mbili.

Kisha ikaja ile alasiri aliyokuwa uani akianua nguo, akasikia mtu akimwita Ogeto kutoka jikoni, polepole, kwa utamu, kama mama anayemwita mtoto aje apewe kitu wenzake wasione, na sauti ile ilikuwa yake mwenyewe, yeye aliyesimama pale juani na vibanio mdomoni, na kabla hajavitema akamsikia mwanawe akiitika, "Naja, mama," na miguu yake ikikimbia ndani. Alimkuta amechuchumaa mbele ya jiko, mdomo umejaa jivu, akimtabasamia mtu asiyeonekana.

Tangu siku hiyo Ogeto alikataa chakula. Hospitali walimpima, wasione ugonjwa. Alizidi kukonda, na kila alipokohoa, alikohoa vumbi la kijivu.

Mchungaji Maranga alikuja na wazee wa kanisa. Walipoanza wimbo, sauti nyembamba ikaitikia kutoka jikoni, bila kukosea, ikiwatangulia kwa neno moja. Wimbo ule haukufika ubeti wa pili. Wazee walikumbuka ghafla kwamba wana ng'ombe wa kukama.

Aliyemsaidia alikuwa Bhoke, mama Mkuria aliyeuza vyungu sokoni. Hakuingia hata ndani. Alisimama mlangoni, akanusa.

"Mama, hii moto ulipewa na nani?"

Hapo Bochaberi akakumbuka. Walihama siku ya Ijumaa, jua likianza kushuka na jiko bado baridi. Dada yake Nyamoita akashuka kwenye gari na makaa ya moto kutoka kwake Rodi Kopany, yamefukiwa ndani ya mkebe wa jivu. "Sabato isikukute bila moto," alimwambia, na Bochaberi akaupokea mkebe, akamkumbatia huku analia kwa furaha.

"Hiyo kitu haitupwi, na haizimwi," Bhoke alinong'ona. "Inapokewa tu, kwa mkono, inaenda na aliyepokea. Aliyekupa alijua."

Jumatatu Bochaberi aliyachota makaa, akayarudisha ndani ya mkebe, akasafiri nayo hadi Rodi Kopany, na njia nzima, kila gari liliporuka shimo, kitu kidogo kiligonga kifuniko kutoka ndani na kucheka kicheko cha Ogeto, kile cha zamani, cha kabla hajaanza kukohoa, hadi abiria wa kando akamuuliza kama amebeba kuku.

Nyamoita alikuwa uani akichagua maharagwe. Alipouona mkebe alisimama, akaficha mikono yote miwili mgongoni.

"Ulijua," Bochaberi alisema.

"Nilizaa wanne." Sauti ya Nyamoita ilikuwa ya chini sana. "Watatu nikazika, na ukanishika kwa kila kaburi. Nikabaki na Kwamboka peke yake. Ningefanya nini?"

"Ungeniambia, dada."

"Ningekuambia, ungepokea?"

Bochaberi aliuhamishia mkebe mkono wa pili.

"Na si mimi nilichagua," Nyamoita akaendelea. "Ni mama. Alisema wewe uko na watatu. Hata mmoja akienda, utabaki na wawili."

Kikulacho ki nguoni mwako. Bochaberi alimkumbuka mama yake Desemba, amempakata Ogeto, akimwita "mume wangu" jinsi bibi wanavyotania wajukuu, huku akijua. Adui angemchukia tu. Hawa walimpenda, kisha wakaketi chini wakapima ni mtoto yupi atakayeliliwa kidogo.

Lango likafunguliwa. Kwamboka, mwenye miaka minane, aliingia na sare ya shule, akamwona mgeni, akatupa mkoba chini na kumkimbilia.

"Anti, karibu. Lete nikupokee mzigo."

"Bochaberi," Nyamoita alinong'ona. "Nakuomba."

Ndani ya mkebe kicheko kilikoma. Kile kitu kilikuwa kinasikiliza. Bochaberi angeweza kuuinua mkebe juu ya kichwa, angeweza kusema neno moja tu, mtoto angerudi nyuma. Aliwaza midomo ya Ogeto, ilivyokuwa myeupe kwa jivu asubuhi ile. Akaunyoosha mkono.

Kwamboka aliupokea mkebe kwa mikono miwili, kama alivyofunzwa, akasema asante.