Boti Iliyolalia Ubavu

Asubuhi hiyo haikuwa na neno lolote. Mpekuzi alifungua karakana, akatundika mkoba wake kwenye msumari, akavaa ovaroli lake ambalo hakuna aliyekumbuka lilikuwa la rangi gani liliponunuliwa. Jina lake halisi lilikuwa limesahaulika bandarini. Walimwita Mpekuzi kwa sababu kazi yake ilikuwa kupekua maisha ya boti kuukuu za mbao: za forodha, za zimamoto, za kuvuta tishali, za kubeba wagonjwa. Mtu akinunua mzoga wa boti akataka kujua ulizaliwa wapi na ulitumika kwa nini, alimtafuta mama huyu.

Karatasi hakuziamini sana. Karatasi, alikuwa akisema, zinajua kumpaka mtu mafuta kwa mgongo wa chupa. Aliamini rangi. Kila idara ilikuwa na rangi yake, na wapakaji wa zamani hawakupenda kujichosha; walipaka mpya juu ya kuukuu wakaenda zao. Basi yeye huchukua wembe na msasa, akafungua kijidirisha cha ukubwa wa kiganja ubavuni mwa boti, akashuka rangi moja baada ya nyingine mpaka akagusa mbao. Sharti lake lilikuwa moja, na kila mteja alisomewa: dirisha likishafunguliwa halizibwi mpaka anayehusika amekuja kulitazama kwa macho yake. Bwana mmoja aliwahi kumbembeleza afiche kwamba boti yake ya fahari ilikuwa ikizoa taka za meli. Mpekuzi alimwambia akanunue ya plastiki, hiyo haina la kuficha.

Boti iliyokuwa juu ya magogo safari hii aliijua tangu utotoni. Ilikuwa boti ya marubani, ile iliyowapeleka marubani kwenye meli kubwa zilizotaka kuingia bandarini, na nahodha wake alikuwa baba yake. Feri ya kuvusha watu ilipopinduka, Mpekuzi akiwa bado mtoto wa kubebwa, baba yake ndiye aliyefika wa kwanza. Aliijaza boti watu, akawaleta gatini wakiwa hai. Sasa alikuwa ameshafariki, na wakubwa wa bandari walikuwa wameamua boti ikarabatiwe, iandikwe jina lake, ikae gatini iwe ukumbusho. Mpekuzi alipewa kazi ya kuandika historia yake kwenye kibao cha shaba. Kwake ilikuwa kazi rahisi kuliko zote. Historia hiyo alikuwa ameilalia na kuiamkia.

Pembeni, kwenye cherehani, alikaa mshonaji wa maturubai akishona paa jipya la boti. Walikuwa marika. Mama yake mshonaji aliaga siku ile kwamba anavuka kwa feri, na hakuonekana tena. Lakini nahodha, baba yake Mpekuzi, aliapa kwamba alirudi akazunguka, akakuta maji matupu, na feri ilipoinuliwa ilikutwa tupu pia. Basi mji ukahitimisha kwamba ambao hawakuonekana hawakupanda. Bandarini watu huondoka kila siku, kwa hiyo sababu hazikukosekana. Huyu amekimbia madeni, yule amemkimbia mke. Mama wa mshonaji, wakasema, ametoroka na mwanamume akaacha mtoto anayenyonya. Mshonaji alilelewa na bibi yake akiitwa mtoto wa mtoro, na mpaka utu uzima alikuwa na tabia ya kuomba radhi kabla hajakosa.

Mpekuzi alifungua dirisha kwenye ukingo wa kulia. Nyeupe. Chini yake buluu. Chini yake kijivu cha marubani, rangi ya enzi za baba yake. Alitabasamu, akaendelea kusugua ili aone mbao zenyewe.

Mbao zilikuwa zimekatwakatwa.

Alama zilikuwa fupi na za kina, zote zimelala kuelekea nje. Zilikuwa za shoka. Kila boti ya marubani ina shoka la kukatia kamba zilizokwama, na Mpekuzi alikuwa amekwishaona alama zake kwenye boti nyingi. Lakini kamba hukatwa mahali pamoja. Alifungua dirisha la pili hatua chache mbele, kisha jingine. Zilikuwepo kote, ukingo mzima wa kulia. Katikati yake palikuwa na mikwaruzo myembamba, imepangana minne minne, imeanzia ndani na kuteremka kuelekea majini. Alizunguka akafungua upande wa kushoto. Huko mbao zilikuwa laini kabisa.

Alielewa kabla hajataka kuelewa.

"Umepata nini, dada?" mshonaji aliuliza bila kuinua macho.

"Kuoza kidogo tu."

Akachukua kopo la puti, ule udongo wa kuzibia mbao, akaziba madirisha yote. Aliona haya, haya ya kweli, ile inayopanda shingoni kama homa. Maisha yake yote aliwahubiria watu wasizibe, na mwenye haki ya kutazama alikuwa ameketi hatua chache nyuma yake, anakata uzi kwa meno.

Kesho yake alifika mapema. Puti yote ilikuwa sakafuni. Ilikuwa ya aina inayokauka ikawa kama jiwe kabla hujamaliza kunawa, lakini aliyoiokota ilikuwa laini, na kila bonge lilikuwa na alama za vidole vilivyolibinya. Chini ya boti, upande wa kulia peke yake, sakafu ilikuwa imelowa. Boti hiyo haikuwa imegusa maji kwa miaka.

Alifagia. Alipiga deki. Mshonaji alipoingia alikuta kila kitu kikavu, akasema, "Leo umewahi, dada," naye Mpekuzi akajitia hamnazo. Akaziba tena, safari hii akapaka na rangi juu, matabaka mazito. Rangi ilishika. Alimshukuru Mungu, kisha akaona aibu kwa kushukuru.

Mchana alikwenda kwa baba yake mdogo, ambaye ndiye aliyekuwa fundi wa mashine kwenye boti siku ile. Mzee alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda, redio imezimwa, dirisha limefungwa ingawa kulikuwa na joto. Siku zote alilala chumba kisichotazama maji. Mpekuzi alikuwa akidhani ni baridi inayomsumbua.

"Umekwangua," mzee alisema.

"Nimekwangua, baba mdogo."

Mzee aliviangalia viganja vyake. Alipozungumza, sauti ilikuwa ya mtu anayeogopa kusikiwa na ukuta.

"Tulikuwa tumejaa. Maji yanachungulia ndani. Wakaja wengine, wakashika ubavu mmoja. Boti ikalala. Angepanda mmoja tu zaidi, tungekwenda sote."

"Baba akachukua shoka."

"Alianza kwa kuwabembeleza. Achieni, narudi kuwachukua. Hawakuachia. Nani angeachia, mwanangu?"

"Na tuliyoambiwa? Kwamba alirudi?"

"Alirudi. Maji yalikuwa matupu. Hapo hakusema uongo."

"Na wale mliowaokoa? Hakuna aliyesema?"

"Walikuwa wamepona. Ungesema nini?"

Swali lililobaki Mpekuzi hakulitaka, lakini lilitoka lenyewe. Je, kulikuwa na mwanamke?

Mzee aligeukia dirisha lililofungwa. "Alikuwepo mmoja. Hakupiga kelele kama wengine. Alikuwa akisema tu, nina mtoto, nina mtoto." Akaufikia mkono wa Mpekuzi, akaubana. "Ziba, mwanangu. Mimi na baba yako tulipaka kile kijivu juu yake wiki ile ile. Ziba."

Alirudi karakanani akiwa na roho nzito. Njiani alijitetea kwa kila hoja. Baba hakuwa na njia. Waliookolewa wana watoto na wajukuu. Wafu hawana haja na kibao. Hoja zote zilikuwa nzuri, na zote zilikufa alipofungua mlango akamkuta mshonaji anang'oa mshono mzima kwa sababu ulipinda kidogo. "Baba yako asije akapewa paa baya," mshonaji alisema. "Alijitahidi kutafuta, yule mzee." Mpekuzi alinawa mikono muda mrefu mpaka maji ya ndoo yakaisha.

Siku ya kuishusha boti ilikuwa ya jua kali. Viti vilipangwa gatini, kipaza sauti kikakohoa, kibao cha shaba kikafunikwa kitambaa. Baba mdogo aliletwa akakalishwa mbele na maua kifuani. Fundi aliyeikarabati boti, mtu wa maneno mengi na mkono safi, alikuwa akiwaambia wageni kwamba hii itakaa majini kama bwana harusi. Wakaiachia iteremke. Watu wakapiga makofi.

Ikaelea. Kisha ikalala upande wa kulia.

Ililala polepole. Makofi yalipungua. Fundi akacheka, akasema ni mchanga unaowekwa chini kuipa boti uzito umesogea, akaingia ndani, akatoka. Hakukuwa na maji ndani. Uzito ulikuwa mahali pake. Akaagiza mifuko ya mchanga ipangwe upande wa kushoto. Ikapangwa. Boti haikusogea. Akawaita vijana wa gatini wasimame juu ya mifuko. Wakasimama. Haikusogea hata kidogo.

Ukingo wa kulia ulikuwa karibu kugusa maji. Upande ule maji yalikuwa yametulia kabisa, ingawa kwingine yalikuwa na mawimbi madogo. Rangi mpya ilianza kujikunja, hapa, kisha pale, kisha pale, kama shuka linalokamatwa na mtu anayeota ndoto mbaya.

Vijana wakashuka mmoja mmoja. Hakuna aliyewaambia washuke.

Fundi alimsogelea Mpekuzi. "Nimeipima mwenyewe," alinong'ona. "Boti hulala hivi ikiwa na watu wamening'inia."

Kwenye kiti cha mbele, baba mdogo alikuwa amevua kofia na kujifunika nayo uso.

Mpekuzi bado angenyamaza. Hilo ndilo linalomuumiza mpaka leo. Hakusukumwa na woga, wala na ukingo uliokuwa ukijikunja mbele ya macho yake. Alikuwa anatafuta uongo mwingine, na alikuwa amekaribia kuupata, mshonaji alipomgusa bega. Uso wake ulikuwa umesawajika.

"Dada, samahani," mshonaji alinong'ona. "Itakuwa ni turubai langu. Nimelifanya zito. Nimewaharibia."

Mpekuzi alimtazama. Mtu aliyebebeshwa kosa lisilo lake tangu yuko kwenye maziwa, na sasa anainama aokote na hili.

"Si turubai lako," alisema. "Mama yako hakutoroka. Alikuwepo. Alishika hapa, ubavu huu. Baba yangu alimkata mkono."

Alimwambia yote, palepale, kwa sauti ya chini, huku kipaza sauti kikivuma bila msemaji. Alimwambia kuhusu shoka, kuhusu boti iliyojaa, kuhusu maneno nina mtoto, nina mtoto. Alimwambia na la kwake: kwamba ameyaona, akayaziba, akamwambia ni kuoza. Hapo ndipo alipolia, kwa sababu la baba lilikuwa na sababu, la kwake halikuwa nayo.

Mshonaji hakulia. Alipiga magoti kwenye ukingo wa gati, akanyoosha mkono mpaka akaufikia ubao wa boti, akaweka kiganja juu ya rangi iliyokunjamana. Walioketi karibu walimsikia.

"Mama. Nimejua. Achia sasa."

Boti iliinuka. Iliinuka kidogo tu, kiasi ambacho boti huinuka mtu mmoja anaposhuka. Kisha ikasimama hapo, imelala bado.

Wengine walikuwa bado wameshika.

Kibao cha shaba hakikufunuliwa siku hiyo wala nyingine yoyote. Mshonaji alimaliza paa, akalifunga, na tangu hapo akimwona Mpekuzi humsalimia kwa adabu na kupita. Hamwiti dada. Mpekuzi hadai zaidi ya hapo. Aliacha kupekua boti za watu. Alianza kubisha milango ya mji, akiuliza nani kwao aliondoka siku ya feri akasemwa vibaya, na kila alipokaribishwa alikaa chini akaeleza, jina la baba yake akilitaja wazi. Wengine walimtemea mate mlangoni. Wengine walikwenda gatini, wakainama, wakaweka mkono. Kila mara boti iliinuka kidogo.

Sasa milango imekwisha. Kila aliyesemwa mtoro ameombwa radhi, na hakuna ukoo uliobaki wenye swali. Fundi huenda na pima maji yake, huiweka juu ya sitaha, huisubiri itulie. Hutazama, hukunja uso, huirudisha mfukoni. Boti bado inalala upande wa kulia. Kidogo sana. Kidogo mno kwa uzito wa mtu mzima.