Waya wa Spika ya Kushoto

Asubuhi ya Jumamosi, mwalimu wa fizikia, jirani yetu wa ukuta kwa ukuta, aliosha gari la marehemu mkewe, akalipeleka kwa fundi kufungiwa redio mpya. Ya zamani haikusoma flashi, na kwenye flashi yake kulikuwa na kitu kimoja tu: ujumbe wa sekunde arobaini ambao mkewe alimrekodia humo garini, siku aliyofariki. Alishausikiliza kwenye simu mpaka akaukariri. Sasa alitaka kuusikia pale uliposemwa.

Siku ile gari lilikutwa limeegeshwa vizuri kando ya barabara, injini ikinguruma, mama wa watu ameinamia usukani. Moyo, alisema daktari. Mkanda wa kiti cha nyuma ulikuwa umefungwa. Msibani, nani angeuliza habari za mkanda?

Fundi alimaliza kabla ya adhuhuri. Mwalimu akachomeka flashi. Upepo wa dirishani ulisikika vizuri, lakini sauti ya mkewe ilikuwa imefifia, kama mtu anayeongea ndani ya mtungi.

"Redio mpya ni kama bi harusi, mwalimu, lazima iringe kwanza," fundi alitania, kisha akakumbuka, akauma ulimi. "Nisamehe, kaka."

"Usijali. Tazama nyaya za spika. Moja umeigeuza."

Ni kweli. Kwenye spika ya kushoto, chanya ilikuwa imekaa mahali pa hasi. Spika moja ikisukuma, nyingine ilivuta, na sauti iliyotoka sawasawa pande zote mbili ikajifuta yenyewe. Somo hilo alilifundisha kila mwaka.

Lakini fundi hakushika bisibisi. Alikuwa ametega sikio.

"Mwalimu," alinong'ona, "shemeji alikuwa na nani?"

Pale sauti ilipofutika, ilibaki pumzi. Nzito. Ya mtu aliyekaa nyuma.

Fundi aligeuza waya haraka. Sauti ya mke ikarudi, safi, karibu kabisa: "Niko peke yangu leo, baba watoto. Naendesha taratibu."

Pumzi haikusikika tena. Sauti yake ilikuwa imeifunika.

"Mimi sijasikia kitu," fundi alisema, akikusanya vifaa vyake. "Na wewe pia, kaka. Nenda nyumbani."

Mwalimu alivumilia siku mbili. Angeweza kubaki na sauti ya mkewe, ikamtosha. Lakini kila alipoisikia, aliwaza ni nani aliyekuwa naye mwishoni. Jumatatu, jua likiwa bado kali, alifungua mlango wa gari uani, akaurudisha waya ulivyokuwa umekosewa.

Akaketi kwenye usukani. Akabonyeza.

Pumzi.

Alizihesabu. Ya tisa. Ya kumi. Kisha, ka! Mlio huo, kwenye simu, alidhani ni indiketa. Haikuwa indiketa. Ulikuwa mkanda ukifungwa.

Ya kumi na moja. Rekodi ikaisha.

Alizima redio. Akachomoa flashi. Akazima na gari.

Ya kumi na mbili.

Hakugeuka. Alitoka akiwa ameacha mlango wazi.

Gari bado liko uani, chini ya turubai, betri imetolewa, milango imefungwa kwa ufunguo. Ufunguo anao yeye peke yake. Kila asubuhi, kabla ya kwenda kazini, mwalimu hufunua turubai na kuufungua mkanda wa kiti cha nyuma.