Msikilizaji wa Dobi

Koti lile lilikuwa la moto, na hakuna aliyelipiga pasi.

Dobi alilirudisha kwenye msumari, akasingizia uchovu. Mtu anayepiga pasi nguo za watu tangu asubuhi, kisha akaiba muda wa mchana kujifunza kuandika hadithi za kutisha, lazima mikono imdanganye. Mwalimu hakuwa naye. Alijifundisha mwenyewe: anasoma za wenzake, anaandika zake, anafuta, kisha anasoma kwa sauti asikie pale panapolegea. Ila kusomea ukuta kunachosha, na mumewe, mwoka mikate, hakuwahi kumaliza ukurasa bila kukoroma.

"Jini lako linabembeleza, mke wangu," humtania. "Limenilaza tena."

Alicheka, lakini ilimuuma. Alichotaka ni mtu mmoja tu wa kumsikiliza mpaka mwisho.

Ndipo akaanza kulisomea koti. Lilikuwa la mteja ambaye hakurudi kulichukua, na lilining'inia mbele ya meza kama mgeni mpole. Sentensi mbovu zilipita, koti likatulia. Siku aliyoandika kwamba mlango ulifungwa taratibu na mtu ambaye tayari alikuwa ndani, mkono wa kushoto wa koti ulitikisika. Dirisha lilikuwa limefungwa.

Mwenye akili zake angekimbia. Yeye aliipigia mstari sentensi ile, akajaribu nyingine.

Alijifunza upesi, hilo asinyimwe. Lakini kila mara koti lilipopata joto yeye alipoa, na chumba kikaanza kunuka udongo uliolowa, na mabega ya koti yakajaa polepole, na alipokuwa akisoma alisikia pumzi ikivutwa pale pale ambapo msomaji angevuta yake, mpaka ikafika siku hakuweza hata kuinua pasi, akamweleza mumewe yote huku meno yakigongana.

Mume hakutania. Alimleta mganga, mama mwenye mafua aliyeonekana kuchoka kuliko wao. Akafukiza chumba, akatikisa kichwa.

"Hili limezoea maneno, halitatolewa kwa maneno," alinong'ona. "Lichomeni."

Mume akatangulia uani. Kwa kuwa alihitaji mikono miwili ya kubebea kuni, koti alilivaa. Mganga alipotoka alimkuta akilivua.

"Ulilivaa?"

"Hapo mlangoni tu, mama."

Mganga alimtazama, akautazama moto, kisha akakusanya vitu vyake bila kuaga.

Koti liliteketea. Dobi alilala usingizi mzito, nguvu zikamrudia kidogo kidogo. Mchana mmoja mume alivuta kigoda mbele ya meza.

"Soma," alisema. "Nakusikiliza."

Akasoma ukurasa wa kwanza, kisha wa pili. Hakukuwa na mkoromo. Alipofika kwenye ile sentensi ya mlango, mkono wa kushoto wa shati la mumewe ulitikisika.

"Rudia hapo," alinong'ona mume.

Chumba kilinuka udongo. Dobi alimgusa kiganja, kikamuunguza. Alimpenda mume huyu, na mganga hakuwa mbali. Angepiga kelele sasa hivi, huenda mganga angewahi kumwokoa. Lakini alikuwa amechoka, amechoka sana kusomea ukuta, na yale macho yalikuwa wazi, yakingoja.

Akarudia pale, kisha akageuza ukurasa.