Kunyoa kwa Masikio

Asubuhi za Juni huko Iyunga huanza kwa ukungu. Ukungu hushuka kutoka mlimani, hupita katikati ya migomba, hukaa uani kama mgeni asiye na haraka. Watu husikiana kabla ya kuonana. Ng'ombe hukohoa. Mtu husalimu njiani, "Ndaga," na mwingine asiyeonekana humjibu, "Ndaga."

Mzee Andendekisye aliishi ndani ya ukungu mwaka mzima. Ulianza machoni mwake mwaka 1951, kidogo kidogo. Ilipofika 1954 haukubaki uso wa mtu ambao aliweza kuuona. Dakta wa Mbeya mjini alimmulika kwa taa, kisha akasema macho hayo hayatarudi.

Mzee alijifunza mambo yake upya. Njia ya zizini aliijua kwa hatua. Kahawa iliyoiva aliijua kwa vidole. Jambo moja lilimshinda, nalo ni kujinyoa ndevu.

Alikuwa na mashine ya kunyolea ya siku nyingi, ile ya wembe mwembamba wenye makali mawili. Alipokuwa anaona, ilimtii. Sasa ilimkata. Akinyoa shavu kwa makali ya upande huu, makali ya upande wa pili yaligusa sikio. Akiipapasa ili ajue imekaaje, ilimchana kidole. Jumamosi moja alitoka chumbani ana damu shavuni, sikioni na kwenye kidole gumba.

"Hata kuku wa sikukuu ana nafuu," alisema mkewe, Mama Damari, huku akimfuta. "Sedekia ni mwanao na ana macho. Ngoja akunyoe."

"Wanaonyolewa na wenzao ni watoto na maiti," mzee alijibu. "Utoto nimeumaliza. Hilo la pili, nipeni muda."

"Basi fuga ndevu."

"Nifuge ndevu, nisimame mbele ya kanisa kama beberu?"

Hapo ndipo palipokuwa na uzito. Jumapili ya mwisho ya mwezi, mjukuu wao wa kwanza, Lea, angebatizwa. Babu ndiye angembeba. Mzee Andendekisye alikuwa mzee wa kanisa kwa miaka ishirini, na siku zote alisimama pale mbele akiwa na uso safi. Sasa alikuwa amesema: asipoweza kujinyoa kwa mkono wake mwenyewe, hatakwenda. Mtoto abebwe na mtu mwingine. Naye akishasema, amesema.

Ubatizo ulikuwa bado wiki mbili.

Nyuma ya ukuta wa mianzi, jikoni, Tekla aliyasikia yote. Tekla alikuwa mke wa Sedekia na mama wa Lea. Kwao ni Iringa. Kabla ya kuolewa alifanya kazi katika hospitali moja ya misheni huko, na kila asubuhi aliwanyoa wagonjwa waliongoja kupasuliwa. Alijua nyembe kama fundi ajuavyo nyundo zake.

Lakini hakuweza kutoka jikoni akasaidie. Katika ukoo wa mumewe, mke wa mtoto hamtazami baba mkwe, wala hasemi naye. Akikutana naye njiani hujifunika kitambaa, akageuka pembeni mpaka mzee apite. Tekla alikuwa amekaa katika ua ule mwaka mmoja na nusu, na hakuwahi kuuona uso wa mzee. Alimjua kwa kikohozi chake, kwa mlio wa fimbo yake juu ya mawe, na kwa nyimbo za kanisa alizoimba taratibu akidhani yuko peke yake.

Kesho yake Tekla alifungua sanduku lake. Akatoa kitu kilichofungwa kwa kitambaa cheupe, akampa mama mkwe.

"Mama, hii ni mashine ya hospitali. Nesi mkuu alinipa nilipoaga. Na hizi ni nyembe zake. Shika mmoja, pole pole."

Mama Damari aliushika. "Mnene huu."

"Ndiyo. Makali yako upande mmoja tu. Upande huu mwingine ni mgongo wake, umefunikwa bati. Papasa. Baba akiupapasa atajua hatari iko wapi na mahali pa kushika pako wapi. Ule wake wa zamani una hatari pande zote mbili."

"Na unene huu hautamchubua?"

"Unene ndio uzuri wake, mama. Wembe mwembamba ukikandamizwa hupinda, ukauma ngozi. Huu haupindi. Lakini hautaki nguvu. Mashine ni nzito, uzito wake unatosha."

Akamwonyesha. Kichwa cha mashine kilifunguka kama mdomo wa samaki. Wembe uliingia mgongo ukiwa ndani, makali yakielekea kwenye meno ya mashine. Kikafungwa, kikalia *ta*.

"Kama hakikulia hivyo, asinyoe," Tekla alisema.

Somo la kwanza lilifanyika Jumatatu. Mzee alikaa kwenye kigoda chake, karibu na ukuta wa jiko. Tekla alikaa ndani, ameupa ukuta mgongo. Kati yao ilikuwa ile mianzi tu. Mama Damari alisimama mlangoni ili apeleke maneno.

"Mama, mwambie baba aoshe uso kwa maji ya moto, asugue sabuni mpaka ndevu zilainike."

"Anasema uoshe uso kwa..."

"Nimesikia," alisema mzee. "Macho ndiyo yamekufa, Mama Damari."

"Mwambie avute ngozi kwa mkono wa kushoto."

"Anasema uvute..."

"Ninaivuta tangu aliposema."

Mama Damari aliendelea kupeleka maneno hata hivyo. Adabu ni adabu.

Mzee akaiweka mashine shavuni, akaishusha. Ilikwaruza. Akasema, "Ah," akaipumzisha magotini. Tone la damu lilitokea.

Tekla alitikisa kichwa. Kwa mkwaruzo ule alijua ameishika kama ile ya zamani. Hilo ni kosa la kila mtu anayehama kutoka makali mawili.

"Mama, mwambie hivi. Mashine ya zamani ilitaka mpini ushuke chini. Hii haitaki. Kichwa chake kilale bapa juu ya shavu, kama kiganja. Mpini uwe mbali na uso. Halafu aushushe kidogo tu, kidogo sana, mpaka wembe useme."

"Useme nini?" aliuliza mzee, akiwa amesahau kumngoja mkewe.

Tekla alifikiri. Hospitalini, asubuhi na mapema, kabla vitanda havijaanza kulalamika, alikuwa akisikia sauti ile chini ya mkono wake.

"Mama, mwambie ukikaa sawa unasikika kama ng'ombe akikata majani machanga. Ukiinama mno unasikika kama panya juu ya debe."

Mzee alicheka kimya kimya. Akarudisha mashine shavuni, ikalala bapa. Akaushusha mpini, kidogo. Akaivuta kwa urefu wa kucha.

*Krr.*

Ukungu ulikuwa bado umejaa uani. Watu watatu walisikiliza. *Krr. Krr.* Ng'ombe mdogo, asiye na shaka, alikuwa akila katika malisho yasiyoonekana.

Siku ile alimaliza shavu moja. Jumatano alimaliza mashavu yote mawili. Koo alilikwepa. Alijifunza kufuata ndevu zinakolala, kwa sababu kuzinyoa kinyume huleta vipele. Alijifunza kuvuta mara moja au mbili, kisha kusuuza mashine. Akimaliza aliutoa wembe, akaukausha, akaufunga mahali pake pakavu.

Alhamisi ya wiki ya pili Mama Damari alikuwa shambani, akichimba viazi. Tekla alikuwa jikoni, Lea amelala mgongoni mwake. Akasikia kigoda kikivutwa. Akasikia maji yakimiminwa. Mzee alikuwa ameamua kulinyoa koo bila kungoja mtu.

Akasikia *ta*. Vizuri. Kisha kimya. Kisha panya juu ya debe.

Tekla alisimama. Kooni mashine haikulala bapa, maana koo lina mviringo. Akiendelea hivyo atajichana. Jeraha la koo halitapona kabla ya Jumapili, na mzee hataigusa mashine tena. Lakini hapakuwa na mtu wa kupeleka maneno.

Akachukua mwiko, akaugonga ukuta mara moja.

Mkwaruzo ukakoma.

"Nani?" aliuliza mzee.

Tekla alibaki na mwiko mkononi. Maji yalidondoka kutoka kwenye mashine, tone kwa tone.

"Sisemi na mtu," alisema hatimaye, pole pole, kama anayeongea usingizini. "Nasema na ukuta wangu, niliujenga mwenyewe. Ukuta, gonga mara moja nikikosea. Gonga mara mbili nikipata."

Akainua kidevu. Akavuta ngozi ya koo mpaka ikanyooka. *Krr*, ikawa kavu kidogo. Pigo moja. Akarudi kwenye sabuni, akapaka tena. Akailaza mashine, akaivuta fupi kuliko mara ya kwanza.

*Krr.*

Mapigo mawili.

Wakaendelea hivyo. Vuta, pigo, vuta, mapigo mawili. Lea aliamka mgongoni mwa mama yake, naye hakulia. Jua lilianza kuupenya ukungu, na mianzi ikawa na mistari ya dhahabu. Tekla alipogonga mara mbili kwa mara ya mwisho, mzee alianza kusuuza mashine.

Jumapili alisimama mbele ya kanisa, Lea mikononi mwake. Hakuwa na kovu jipya wala unywele uliosahauliwa. Tekla alikuwa amejifunika kitambaa, macho chini. Aliona viatu vya mzee tu. Lakini alisikia mama mmoja nyuma yake akinong'ona, "Nani anamnyoa yule mzee siku hizi?" Na Mama Damari akamjibu, "Ana mkono wake."

Juma lililofuata akaja Tadeo, jirani, mwenye macho mazima na shingo iliyojaa vipele.

"Niazime hiyo mashine yako, mzee mwenzangu."

"Sikuazimi. Wembe uliomgusa mtu ni wa mtu huyo. Damu ndogo isiyoonekana hubeba maradhi. Sedekia akienda mjini atakuletea yako."

Sedekia akaileta. Tadeo akakaa kwenye kigoda, sabuni mpaka machoni, mashine mkononi, mpini umeshuka chini. Akavuta. Panya akapita juu ya debe.

Jikoni, Tekla alinyoosha mkono, akauchukua mwiko.

"Umeinamisha mno," alisema Mzee Andendekisye. "Kilaze bapa. Na fumba macho, Tadeo. Macho yanakusumbua."

*Krr.*

Tekla akaurudisha mwiko chunguni, akaendelea kukoroga uji.